Mbwa au Paka Akipotea Moshi: Mwongozo Kamili wa Kuzuia na Kutafuta

Tarehe 24 Desemba Moshi hujaa. Magari ya kutoka Dar es Salaam yanaingia hadi usiku wa manane, kila ua una wageni, na geti linafunguliwa mara ishirini kwa siku. Ndipo mbwa wetu Popi alipotoka. Gari la shemeji liliingia, watoto wakakimbilia mizigo, naye akapenya ubavuni mwa gari bila mtu kumwona. Tuligundua saa mbili usiku. Niligonga sufuria kwa kijiko kama nifanyavyo kila siku wakati wa chakula chake, hakuja.

Alipatikana siku ya nne, nyuma ya bucha moja huko Kiboriloni. Aliyemwona ni kijana wa bodaboda ambaye hunikuta nikiwa na Popi barabarani huku kwetu Rau kila asubuhi. Alinipigia simu akasema, "Shikamoo mama. Yule mbwa wako mwenye sikio lililochanika, si anaitwa Popi? Nimemwita jina, amegeuka."

Kijana yule alimjua kwa sikio na kwa jina, basi. Hapo katikati zilikuwa zimepita siku nne za matangazo, tochi na kutembea hadi miguu ikavimba, na nisingesema zilikuwa bure. Lakini tangu siku hiyo naamini kwamba mnyama anayejulikana mtaani ndiye anayerudi, na karibu kila ninachokueleza hapa chini kimetoka hapo.

Mtambulishe kabla hajapotea

Ukileta mbwa au paka mpya, ndani ya wiki ya kwanza pita naye, au na picha yake kwenye simu, kwa watu ambao siku yao yote iko barabarani: kijiwe cha bodaboda, mama wa genge, fundi viatu wa njia panda, muuza maziwa wa alfajiri, mlinzi wa usiku wa jirani. Wasalimie, wape jina la mnyama. Waambie na watoto wa majirani. Mtoto anayerudi shule kwa miguu anajua kila mbwa wa njia yake, na anajua nani amefungua geti lipi.

Wengi wetu tunafuga mbwa wa ulinzi ambaye hafunguliwi mpaka usiku na hajulikani na mtu yeyote zaidi ya wenye nyumba. Sababu naielewa, wizi upo. Ila jirani aliyesikia tu mbwako akibweka na hajawahi kumwona hawezi kukusaidia hata akimkuta amelala mlangoni kwake. Mtembeze kwa kamba asubuhi, walau mara mbili kwa wiki. Ukali wake wa usiku hautapungua, na yeye mwenyewe atazijua harufu za njia ya kurudi nyumbani.

Kisha mpige picha mchana, nje, akiwa amesimama: uso, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na alama yoyote aliyonayo. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wana rangi ya kahawia iliyofifia kama mchanga, kwa hiyo ukisema "mbwa wa kahawia, wa saizi ya kati" hujamtaja yeyote. Tafuta kovu, sikio, ncha ya mkia, soksi nyeupe mguuni. Chagua alama moja ambayo hutaitaja hadharani kamwe. Popi ana doa jeusi katikati ya vidole vya mguu wa nyuma. Hilo lilikuwa letu peke yetu.

Mkanda, namba na kadi

Mkanda wa shingoni usio na namba ya simu ni pambo. Kwetu tulipeleka mkanda kwa fundi anayedarizi nembo za masweta ya shule, akaudarizi namba mbili kwa uzi mweupe. Ukishindwa, andika kwa kalamu ya wino usiofutika na uirudie kila mwezi, maana jua na tope vinafuta. Ziwe namba mbili: yako, na ya mtu anayeshinda nyumbani. Mkanda ubane kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Wa paka lazima uwe na sehemu ya mpira au kifungo kinachofunguka kikivutwa kwa nguvu, la sivyo siku atakaporuka mchongoma utamnyonga.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa itunze pamoja na vyeti vya familia. Mbali na chanjo yenyewe, ambayo hurudiwa kila mwaka, kadi hiyo ni karatasi inayoonyesha kwamba mnyama ni wako siku utakapobishana na mtu mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hakikisha daktari wa mifugo ameandika jina, jinsia, rangi na alama zake, asiishie kwenye neno "mbwa".

Wapo wanaowawekea wanyama chipu chini ya ngozi. Ni kitu kizuri, kina ukubwa wa punje ya mchele na hubeba namba ya tarakimu 15 isiyofutika. Ila wengi wanaielewa vibaya. Chipu haina betri wala haionyeshi mnyama yuko wapi. Inasomwa na kifaa maalumu kinachopitishwa karibu kabisa na mwili, na namba hiyo inasaidia tu ikiwa imesajiliwa pamoja na simu yako. Mlinzi wa usiku hana kifaa hicho. Namba iliyodariziwa kwenye mkanda anaweza kuisoma kwa tochi ya simu yake.

Geti, uzio na mvua

Kagua uzio kwa kutembea ukiwa umeinama, macho yako yawe kimo cha mbwa. Penye tundu analotumia utakuta manyoya yamenasa kwenye waya au kwenye miiba ya mchongoma, na udongo umelainika kama njia ya panya. Kwetu shida ilikuwa chini ya geti. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hubeba udongo kidogo kidogo, na mwaka mmoja nilikuta pengo linalopitisha hata ndoo. Tulijaza kokoto na zege. Usijaze udongo mtupu, mvua inayofuata itauchukua.

Kumfunga mnyororo mchana kutwa si dawa. Mbwa wa mnyororo siku ukikatika hukimbia bila kuangalia nyuma, na ni ukatili. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Jenga banda au eneo dogo lenye wavu ndani ya ua, lenye kivuli na maji.

Na mhasi. Dume asiyehasiwa akinusa jike lenye joto hazuiliwi na uzio wa kawaida, na jike naye hutoka. Paka dume ndio zaidi, atapotea wiki nzima arudi na jicho limevimba, na siku moja hatarudi. Zungumza na daktari wa mifugo wakati mnyama akiwa na miezi sita hivi.

Siku ambazo hupotea

Zipo siku zinazojirudia kila mwaka, ziandike kwenye kalenda: sikukuu za Desemba, fataki za mkesha wa mwaka mpya, radi za masika, sherehe yenye muziki mkubwa karibu, na msiba nyumbani, wakati ua umejaa watu na hakuna anayekumbuka geti. Siku hizo mnyama aingie chumba chenye mlango wa kufungwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, awekewe maji na nguo yenye harufu yako. Mtu mmoja apewe kazi ya geti, kwa jina. Kazi ya watu wote haina mwenyewe.

Sikiliza pia matangazo ya mtaa. Kuna nyakati halmashauri hutangaza zoezi la kuua mbwa wanaozurura, na gari la matangazo hupita mara moja au mbili tu. Mwombe mwenyekiti wa mtaa namba yake na umuulize moja kwa moja. Zoezi likitangazwa, mbwa asitoke kabisa hadi liishe, hata akiwa na mkanda.

Kuhama nyumba nako kuna mambo yake. Tulipotoka Majengo kuja Rau, paka wetu Kijivu tulimwachia nje siku ya pili kwa kudhani atazoea. Paka huzoea nyumba kuliko watu, wazee walituambia hivyo tukapuuza. Mfungie ndani wiki tatu au nne, mlishe kwa saa zilezile, kisha mtoe nje akiwa na njaa, kabla tu ya chakula, ili awe na sababu ya kurudi.

Akipotea: saa ya kwanza

Anzia ndani. Kabati, chini ya kitanda, nyuma ya jokofu, darini, stoo, ndani ya gari, chini ya boneti. Usicheke, paka huingia kwenye droo ya nguo akalala kwa muda wa saa nane bila kutoa sauti.

Hakika akiwa hayumo, gawaneni. Mmoja abaki nyumbani, geti dogo likiwa wazi na chakula karibu, maana wengi hurudi wenyewe wakakuta pamefungwa wakaondoka tena. Wengine watoke. Kama ni mbwa, wa kwanza kuambiwa ni kijiwe cha bodaboda. Tuma picha kwa mmoja wao, naye ataisambaza kwa wenzake. Madereva kumi wanaozunguka mji watafika mbali kuliko gari lako moja. Waambie wasimkimbize. Wapige picha alipo, wakupigie.

Kisha nenda mahali ambapo mbwa huishia akiwa na njaa: mabucha, machinjio, majalala, mabanda ya chipsi, nyuma ya masoko. Nenda alfajiri na jioni, kwani mchana jua likiwaka mbwa aliyepotea hujificha mahali akalala.

Paka: tafuta karibu, tafuta usiku

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nikiwemo mimi. Tulimtafuta Kijivu hadi Majengo tulikotoka, tukauliza nyumba kwa nyumba, siku tano. Kumbe alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, nyuma ya marobota ya majani makavu ya ng'ombe kwa jirani. Alitusikia tukimwita kila siku na hakuitika.

Paka aliye na hofu hanyanyui sauti. Hujibana mahali pa kwanza penye giza na kukaa kimya siku kadhaa, hata mwenyewe akipita mita mbili kando yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu paka zaidi ya 1,200 waliopotea ulikuta kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea, na kwamba kutafuta kwa miguu na macho kulisaidia sana. Mita 500 huku kwetu ni majirani, shamba la migomba na kipande cha mfereji.

Basi fanya hivi. Mchana omba ruhusa kwa majirani ukague wewe mwenyewe, usikubali tu kuambiwa "hayupo". Sema, "Samahani mama, naomba niangalie nyuma ya banda lako, paka wangu akiogopa huwa kimya." Angalia stoo za majani, mabanda ya kuku, juu ya dari, chini ya matenki ya maji, karavati, choo cha nje kisichotumika, migomba iliyosongana, na magofu ya nyumba ambazo ujenzi umesimama. Waulize kama kuna stoo waliyoifungua na kuifunga tangu siku aliyopotea, maana paka wengi hufungiwa humo bila mtu kujua.

Usiku rudi tena, kuanzia saa nne au saa tano, mji ukiwa umetulia. Wape taarifa walinzi na majirani kwanza, usije ukadhaniwa mwizi. Nenda na mtu, na mmoja wenu awe anajulikana mtaani. Shika tochi usawa wa macho yako na uimulike polepole chini ya vitu. Macho ya paka hurudisha mwanga wa kijani au njano, utayaona hata kama mwili hauonekani. Simama kila baada ya hatua chache, nyamaza dakika tano, sikiliza. Mwite kwa sauti ile unayomwitia chakula, usipaze. Tulimwona Kijivu usiku wa sita, saa saba kasoro, nukta mbili za kijani nyuma ya majani. Niliketi chini, nikafungua mfuko wa dagaa nilioukaanga kidogo ili unuke, nikasubiri dakika arobaini. Alipotoka alikuja kwa tumbo, akijikokota.

Weka pia nguo uliyoivaa, bila kuifua, karibu na mlango anaoutumia. Chakula kiweke usiku tu na ukitoe asubuhi, kisivute mapaka wengine wakamfukuza wako.

Mbwa mwenye hofu hashikwi kwa mbio

Mbwa aliyezurura siku mbili tatu anaweza asikujue. Ukimwona, usimkimbilie wala usimwite kwa kelele. Kaa chini, mpe ubavu, usimtazame machoni, tupa kipande cha nyama karibu nawe kisha kingine karibu zaidi. Ukiwa na mbwa mwingine anayemjua, mlete akiwa kwenye kamba. Akikimbia usimfuate kuelekea barabarani, hasa ile ya Arusha kwenda Himo yenye malori. Acha chakula palepale, urudi saa ileile kesho.

Akikung'ata, wewe au mtu mwingine yeyote, au ukimshika mbwa mgeni akakuparua kwa meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza ni karibu kila mara kifo, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Tangazo linalosomwa

Liwe fupi, herufi kubwa, lisomwe na mtu aliye kwenye pikipiki. Letu lilikuwa hivi:

AMEPOTEA MBWA, ANAITWA POPI.
Kahawia, kifua cheupe, SIKIO LA KUSHOTO LIMECHANIKA.
Ametoka Rau tarehe 24 jioni. Anaogopa, usimkimbize.
Ukimwona piga simu: (namba mbili). Asante itakuwepo.

Picha moja kubwa inatosha. Kiasi cha zawadi usikitaje. Kikiwa kikubwa huwavuta matapeli na watu wa kumkimbiza mbwa. Karatasi iingize kwenye mfuko wa nailoni, uwazi ukiwa chini ili mvua isiingie. Omba ruhusa kabla ya kubandika dukani kwa mtu. Sehemu nzuri ni genge, saluni, mashine ya kusaga, duka la dawa za mifugo, kituo cha daladala, na bucha.

Tangazo la mdomo huku kwetu lina nguvu kuliko karatasi. Nenda kwa katibu wa usharika au parokia kabla ya Jumapili, umwombe aliweke kwenye matangazo ya ibada; ongea na viongozi wa msikiti wa karibu pia. Watu mia kadhaa husikia kwa mara moja, wakirudi kwenye njia mbalimbali. Mwenyekiti wa mtaa na balozi wapewe picha, na afisa mifugo wa kata, kwa kuwa mtu akiokota mbwa mara nyingi huuliza huko. Kwenye magrupu ya WhatsApp tuma picha ikiwa na maandishi juu yake, kwa sababu picha ikisambazwa peke yake maelezo hubaki nyuma.

Simu za matapeli

Tangazo likitoka, zitakuja. "Mbwa wako ninaye, yuko Boma Ng'ombe, tuma kwanza nauli kwenye namba hii." Inauma kwa sababu unataka iwe kweli. Muulize alama ile ya siri: mguu wa nyuma kuna nini? Mwombe apige picha sasa hivi, mnyama akiwa kando ya kitu utakachokitaja wewe, kwa mfano kijiko. Aliye naye kweli hatakasirika. Fedha haitumwi kabla hujamwona mnyama kwa macho, na ukienda kumchukua nenda mchana, na mtu wa pili, mahali penye watu.

Kuna anayemchukua mnyama kwa nia njema akidhani ametupwa. Huyo msalimie kwa heshima, mshukuru kwa kumlisha, onyesha kadi ya chanjo na picha za zamani. Akikataa, nendeni wote kwa mwenyekiti wa mtaa. Kama una ushahidi kwamba ameibwa, toa taarifa polisi upewe namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), na uende na kadi hiyo hiyo.

Siku zikisogea

Baada ya wiki ya kwanza watu watakuambia chukua mwingine. Endelea, ila kwa mpangilio: badilisha karatasi zilizochakaa kila wiki, pita bucha na majalala mara mbili kwa wiki, kumbusha grupu kila baada ya siku kumi. Wapo paka waliopatikana baada ya miezi. Kwa mbwa panua eneo, kufuata barabara kuu, mito na mifereji.

Akirudi

Usimwogeshe wala kumshindilia chakula usiku huo. Mpe maji kidogo kidogo na uji mwepesi au wali laini, kagua makucha, masikio na katikati ya vidole kama kuna kupe au mwiba. Akiwa na jeraha la kung'atwa usiliguse kwa mikono mitupu, mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho yake na umweleze siku alizokuwa nje, ili aamue kuhusu chanjo. Mfungie ndani siku chache. Popi alilala siku mbili mfululizo chini ya meza ya jikoni.

Halafu rudi barabarani na kibandiko cha "AMEPATIKANA". Bandua karatasi zako zote wewe mwenyewe, pita kijiweni, kanisani na kwa mama wa genge uwaambie, na yule aliyekupigia mpe asante uliyoiahidi siku hiyohiyo, mkononi mwake, mnyama akiwa pamoja nawe ili amwite jina tena.